Taya la Chini Likitangulia la Juu: Uliza Kwanza Kama Kasoro ni ya Meno au ni ya Mfupa

Msomaji, chukua kioo uende mahali penye mwanga. Tuliza uso, kisha ukutanishe magego yako ya juu na ya chini pole pole. Sasa inua midomo utazame meno ya mbele. Kwa watu wengi meno ya juu huyafunika ya chini kidogo, kama kifuniko kinavyolifunika kopo. Kwa wengine meno ya mbele hukutana ncha kwa ncha. Wako pia ambao meno ya chini ndiyo yanayotangulia na kuyaficha ya juu, na ukimtazama mtu wa aina hiyo kwa upande utaona kidevu kimechomoza.

Kama wewe ni wa kundi hili la mwisho, makala haya ni yako. Huenda umeishi na hali hii tangu utotoni. Shuleni ulibandikwa jina la utani. Katika picha za harusi umezoea kuinamisha uso au kufunika mdomo kwa mkono. Sasa una kazi, una umri wa miaka 25, 35 au hata 45, na umemwona mwenzako wa ofisini, mzazi mwenye watoto wake, amefungwa vyuma vya meno. Unajiuliza: je, mimi nimechelewa?

Swali hilo huulizwa sana katika chumba changu cha matibabu. Jibu ni kwamba meno ya mtu mzima husogezeka, mradi fizi na mfupa unaoyashika viwe na afya. Lakini umri si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: kasoro yako iko kwenye meno, au iko kwenye mfupa wa taya? Anayekubali kufungwa vyuma kabla ya kujibiwa swali hilo anaweza kupoteza miaka miwili na pesa nyingi, kisha akaambiwa aanze upya.

MENO AU MFUPA?

Mnamo 1899 daktari wa meno wa Marekani, Edward Angle, aliyagawa matatizo ya kuumana kwa meno katika madaraja matatu. Alitazama jinsi gego kubwa la kwanza la juu linavyokutana na lenzake la chini. Hali tunayoizungumzia, ya meno ya chini kutangulia, aliiweka katika daraja la tatu. Mpaka leo ukienda kwa mtaalamu utamsikia akilitaja daraja hilo.

Hata hivyo, ndani ya daraja hilo mna watu wa namna tatu. Wa kwanza ni yule ambaye mataya yake yanalingana vizuri, ila meno ya juu yameinama kwa ndani au ya chini yameinama kwa nje. Wa pili ni yule ambaye meno mawili matatu ya mbele hugongana anapofunga kinywa, naye bila kujua akazoea kulisogeza taya mbele ili magego yafikiane. Taya lake halina kosa, ila limejifunza njia mbaya. Wa tatu ni yule ambaye mifupa yenyewe haikulingana: taya la chini limerefuka mno, au la juu limebaki nyuma, au yote mawili kwa pamoja.

Usidhani kwamba kidevu ndicho chenye kosa kila mara. Kwa wagonjwa wengi taya la juu ambalo halikukua vya kutosha lina mchango mkubwa. Uso wa mtu huyo huonekana bapa kandokando ya pua, na kwa sababu hiyo kidevu huonekana kirefu kuliko kilivyo.

Aina hizi huwezi kuzitenganisha kwa kioo peke yake, wala mimi siwezi kwa macho matupu. Mtaalamu wa kupanga meno atakupiga picha za uso kwa mbele na kwa upande. Atachukua umbo la meno yako kwa dawa laini inayoganda, au kwa kamera ndogo inayoingizwa kinywani. Kisha ataagiza eksirei mbili, moja ya kuonyesha meno yote na mataya kwa pamoja, na nyingine ya kichwa kilichotazamwa kwa upande. Hii ya pili ndiyo hakimu. Njia hiyo ilitangazwa mnamo 1931 na Broadbent wa Marekani na Hofrath wa Ujerumani, kila mmoja kivyake. Mtaalamu huchora mistari juu ya picha na kupima pembe kati ya fuvu, taya la juu na taya la chini. Hapo ndipo mfupa wenye kosa hujulikana.

LIMETOKA WAPI?

Kwa kiasi kikubwa ni urithi. Mara nyingi mgonjwa huniambia, "Daktari, hili ni taya la babu. Nilipewa jina lake, nikapewa na taya lake." Husema kweli. Ukoo mashuhuri kwa jambo hili ni wa Habsburg, waliotawala Austria na Uhispania. Ndugu hao walioana wao kwa wao, binamu kwa binamu na hata mjomba kwa mpwa, na kidevu kirefu kikaendelea kuonekana katika picha za wafalme wao zilizochorwa. Mfalme Charles wa Pili wa Uhispania, aliyefariki mwaka 1700, alikuwa na taya lililotangulia sana hata kutafuna kukamtaabisha. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha utafiti uliolinganisha picha hizo na nasaba ya ukoo huo, wakaona kwamba ndoa za jamaa zilipozidi, na taya nalo lilizidi kuchomoza.

Kwa hivyo usimsingizie mtu uchawi, wala usidhani ni kwa sababu mama yako alimcheka fulani alipokuwa mjamzito. Kunyonya kidole nako husingiziwa bure, maana kwa kawaida kidole huyasukuma meno ya juu kwa nje na kuleta kasoro ya kinyume. Waliozaliwa na kaakaa lililopasuka huweza kubaki na taya dogo la juu hata baada ya kushonwa vizuri.

Kuna jambo moja ambalo mimi, daktari wa magonjwa ya kawaida, ni lazima nikuonye. Taya la mtu mzima halipaswi kurefuka. Iwapo meno yako yalikuwa yakikutana vizuri ulipokuwa na miaka 25, na sasa una miaka 40 na ya chini yameanza kutangulia, usikimbilie vyuma. Jitazame mikono na miguu. Je, pete ya ndoa imekubana? Umepanda saizi ya viatu? Unaumwa kichwa mara kwa mara, unatokwa na jasho jingi, unakoroma kuliko zamani? Huenda tezi iliyo chini ya ubongo ina uvimbe unaotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi.

Ugonjwa huo hauwapati watu wengi, lakini hudhuru moyo na huleta kisukari na shinikizo la damu. Kwa kuwa hujongea pole pole, mtu huweza kukaa nao miaka mingi bila habari. Utapimwa damu na kupigwa picha ya kichwa. Taya litangoja. Vivyo hivyo, taya linalozidi kwenda upande mmoja mwaka hadi mwaka lichunguzwe kwanza kabla ya matibabu yoyote ya meno.

JE, NI LAZIMA LITIBIWE?

Hapana. Wapo watu wengi ambao meno yao ya chini yametangulia kidogo, nao hula mahindi ya kuchoma, huimba kwaya na huishi mpaka uzee bila shida. Huo si ugonjwa. Ikiwa wewe ni mmoja wao na uso wako haukusumbui, huna sababu ya kwenda kupasuliwa kwa kuwa shangazi alisema utapendeza zaidi.

Sababu za kutibiwa ni hizi. Ya kwanza ni kula. Kuna mtu asiyeweza kukata chapati kwa meno ya mbele, hivyo huikata kwa vidole na kuila akiwa ameinama. Ya pili ni meno yenyewe. Yakigongana vibaya kwa miaka mingi husagika ncha, na fizi za mbele chini huweza kushuka mpaka mizizi ikaonekana. Ya tatu ni matamshi, hasa sauti za s, z, f na v. Ya nne ni moyo wa mtu, nayo ni sababu halali kama zile nyingine. Mtu aliyekataa kazi ya mapokezi kwa kuogopa kutazamwa usoni hajikwezi anapoomba msaada.

VYUMA PEKE YAKE VINAWEZA NINI?

Vyuma husogeza meno ndani ya mfupa. Kwa mtu mzima havirefushi taya wala havilifupishi. Hilo ndilo jambo ninalotaka ukumbuke kuliko yote katika ukurasa huu. Kama kasoro yako ni ya meno kuinama, vyuma peke yake huweza kuimaliza. Kama ni ya mfupa na ni ndogo, vyuma huweza kuificha. Meno ya juu huinamishwa kwa nje na ya chini kwa ndani, wakati mwingine baada ya kung'oa meno mawili ya chini ili kupata nafasi. Meno yatakutana, lakini kidevu kitabaki pale pale. Kama kasoro ya mfupa ni kubwa, kuificha hivyo ni kulazimisha. Meno husukumwa mpaka kwenye ukingo wa mfupa, na fizi ndizo zinazolipa.

Shida kubwa ni kwamba njia ya kuficha na njia ya upasuaji huelekea pande mbili tofauti. Mwili wenyewe ulikwisha kuanza kuficha tangu ulipokuwa ukikua, kwa kuyainamisha meno ya juu nje na ya chini ndani yatafutane. Mpasuaji hutaka meno yarudishwe wima kwanza, kila safu juu ya mfupa wake. Aliyetibiwa kwa kuficha, kisha akaamua kupasuliwa, hana budi kurudi nyuma.

Nilimwona karani mmoja wa benki, mwanamke wa miaka 27, aliyekuja kwangu kwa shida ya tumbo. Nilipomwambia afungue kinywa niliona vyuma. Alikuwa amevivaa miaka miwili katika kliniki moja ya mjini ambako hakupigwa eksirei ya kichwa kwa upande hata mara moja. Meno mawili ya chini yalikuwa yameng'olewa. Meno ya mbele sasa yalikutana ncha kwa ncha, fizi za chini zilikuwa zimeanza kushuka, na kidevu kilichompeleka huko kilikuwa vile vile. Nilimwandikia barua ya kumwona mtaalamu katika hospitali kubwa. Aliambiwa kuwa kosa ni la mfupa, na kwamba iwapo angetaka upasuaji ingebidi mapengo yale yafunguliwe tena.

Alikaa mwaka mzima akifikiri. Kisha akaanza upya, na alipopasuliwa alikuwa amefikisha miaka 31. Leo anauma tufaha kwa meno ya mbele. Lakini ile miaka ya kwanza, na pesa alizokopa kwenye chama cha akiba, hazikurudi.

SAFARI YA UPASUAJI

Ikiwa umepimwa na kuambiwa ni mfupa, nawe umeamua kwenda mbele, jitayarishe kwa safari ya miaka miwili hadi mitatu. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, ukuaji uwe umekoma. Taya la chini ndilo la mwisho kuacha kukua. Kwa wasichana mara nyingi huacha kati ya miaka 16 na 18, na kwa wavulana huweza kuendelea hadi miaka 21. Kijana akipasuliwa mapema, taya huweza kukua tena na kazi yote ikaharibika. Kwa hiyo mtu mwenye miaka 30 hajachelewa. Hilo kwake limekwisha.

Pili, kinywa kisafishwe. Meno yaliyooza yazibwe, ukoga mgumu uondolewe, fizi zinazotoa damu zitibiwe. Vyuma hushika mabaki ya chakula, na asiyepiga mswaki vizuri atavuliwa vyuma akiwa na meno yaliyonyooka yenye madoa ya kuoza. Waliokulia sehemu za Bonde la Ufa kama Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima yana madini mengi ya floraidi na meno hubadilika rangi kuwa kahawia, wamwambie mtaalamu mapema, kwa maana gundi ya vyuma huenda isishike vyema kwenye meno hayo. Aidha, wapasuaji wengi hupendelea magego ya mwisho ya chini yang'olewe miezi kama 6 kabla, kwa sababu yako pale pale taya linapokatwa.

Tatu, vyuma vya kabla ya upasuaji. Mara nyingi huchukua miezi 12 hadi 18. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Meno yanaporudishwa wima, kasoro iliyokuwa imefichika hujitokeza wazi. Kidevu kitaonekana kimezidi na kula kutakuwa kugumu zaidi. Mama mkwe atauliza kama unalipa pesa ili uharibike. Mweleze mapema, yeye na jamaa wote wa nyumbani, kwamba hiyo ni dalili ya kazi kwenda sawa. Kuna vituo vinavyoanza na upasuaji kisha vyuma vikafuata, lakini njia hiyo haimfai kila mgonjwa.

Nne, upasuaji wenyewe. Kukata taya si jambo jipya. Mnamo 1849 Simon Hullihen wa mji wa Wheeling, Marekani, alieleza jinsi alivyolitengeneza taya la chini la msichana aliyeharibika uso na shingo kwa kuungua. Lakini njia inayotumika zaidi leo ilitokana na kazi ya Hugo Obwegeser, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi miaka mingi Zurich, Uswisi. Katika miaka ya 1950 alionyesha jinsi ya kulipasua taya la chini kutoka ndani ya kinywa, bila kuacha kovu usoni.

Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, na mrija wa kupumulia hupitishwa puani ili mpasuaji aweze kuona meno yanavyoumana. Taya la chini hupasuliwa kila upande, nyuma ya magego, kwa namna ambayo vipande viwili vya mfupa huteleza kimoja juu ya kingine kama droo ya meza. Husogezwa nyuma kwa kipimo kilichopangwa, kisha hufungwa kwa vibati na skrubu ndogo za madini ya titani, ambazo kwa kawaida hubaki humo maishani. Kama taya la juu ndilo lililobaki nyuma, hukatwa juu ya mizizi ya meno, huletwa mbele na kufungwa vivyo hivyo. Wengi hufanyiwa yote mawili kwa siku moja, na kazi huchukua saa kadhaa.

Zamani mgonjwa alifungwa kinywa kwa waya wiki 6. Siku hizi vibati hushikilia mfupa, na kinywa huongozwa kwa mipira midogo inayonasishwa kwenye vyuma. Kama daktari amekufunga kinywa kwa mipira au waya, muulize kabla ya kutoka hospitalini ni kifaa gani cha kukatia unachopaswa kuwa nacho karibu ukitapika au ukibanwa na pumzi, na akuonyeshe mahali pa kukata.

Tano, vyuma vya baada ya upasuaji. Hivi huchukua miezi 6 hadi 12 hivi, ili kumalizia meno. Vikivuliwa utapewa kifaa cha kuyashikilia meno, nacho utaendelea kukivaa usiku kwa miaka mingi. Anayekitupa kabatini atayaona meno yakirudi yalikotoka.

WIKI ZA MWANZO NYUMBANI

Utakaa hospitalini siku chache. Uso utavimba, na uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu. Usiwaruhusu watoto wadogo wakutembelee bila kuandaliwa, wataogopa. Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili mitatu. Kama taya la juu lilikatwa, usipenge kamasi wiki za mwanzo na ukipiga chafya fungua kinywa.

Chakula kitakuwa cha majimaji, kisha laini sana, kwa muda wa wiki 6 hivi, mpaka mfupa ushikane. Hapa jikoni kwetu tuna bahati. Uji wa wimbi wenye maziwa, supu ya mifupa iliyochujwa, ndengu zilizopondwa na kuongezwa maji, parachichi lililosagwa kwa maziwa, mayai, ndizi za kupika zilizopondwa, vyote hivi vinafaa. Kula kidogo kidogo mara 6 kwa siku, kwa maana karibu kila mgonjwa hupungua kilo kadhaa. Usafishe kinywa kila baada ya kula, hata kama ulikunywa maziwa tu.

Muda wote wa vyuma usahau muwa, mahindi ya kuchoma, mifupa ya nyama choma na njugu ngumu. Miraa na muguka pia uache. Majani na maganda hukwama kwenye vyuma, sukari inayotafunwa nayo huozesha meno, na taya lililokatwa halihitaji kutafuna usiku kucha. Sigara huchelewesha mfupa na kidonda kupona. Mpasuaji anayekuomba uiache wiki kadhaa kabla na baada hakuonei.

Kwa kazi ya ofisini, omba ruhusa ya wiki 2 hadi 4. Kwa kazi ya nguvu au michezo ya kugongana, ngoja zaidi, kama daktari wako atakavyoamua.

HATARI ZA KUJUA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mgonjwa aliyeambiwa kwamba hakuna hatari amedanganywa. Ndani ya mfupa wa taya la chini hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Wengi huamka wakiwa na ganzi sehemu hiyo. Kwa walio wengi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi, lakini kwa baadhi hubaki sehemu yenye ganzi au mwasho daima. Uwezekano huo huongezeka kadiri umri unavyozidi. Mdomo hausimami kufanya kazi, maana neva hiyo si ya kusogeza misuli. Lakini chai ya moto inaweza kukuunguza bila habari, na mwanamume anaweza kujikata anaponyoa. Jiulize kwa dhati: je, nikibaki na ganzi kidevuni maisha yangu yote, bado nitaona ilifaa? Ukijibu ndiyo, endelea. Ukisita, ongeza muda wa kufikiri.

Hatari nyingine ni kutokwa na damu, kuambukizwa viini, mfupa kuvunjika mahali pasipokusudiwa, na taya kurudi nyuma kidogo lilikotoka. Pua huweza kupanuka kiasi taya la juu linapoletwa mbele. Vilevile, kulirudisha nyuma taya la chini hupunguza nafasi ya hewa kooni. Kwa hiyo ikiwa unakoroma sana, au mkeo au mumeo amekuona ukikatika pumzi usingizini, sema mapema. Mpango huweza kubadilishwa, taya la juu likaletwa mbele zaidi na la chini lisisogezwe sana.

Mwambie daktari pia kama una kisukari, shinikizo la damu, pumu au seli mundu, kama kuna watu wa kwenu wanaotokwa na damu kwa urahisi, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za kupanga uzazi na za mitishamba.

GHARAMA NA MAHALI PA KWENDA

Matibabu haya ni ghali, na wataalamu wako zaidi katika miji mikubwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari wa meno tangu 1974, na hospitali za mafunzo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu asiye na bima nono. Usilipe hata shilingi kabla ya kupewa hesabu kwa maandishi, ikiwa imegawanywa: vyuma, upasuaji pamoja na kulazwa, na vifaa vya baadaye. Wengi hukwama katikati, meno yakiwa yamekwisha kurudishwa wima, kwa sababu walipanga pesa za vyuma wakasahau za upasuaji. Hakuna mahali pabaya pa kukwama kama hapo.

Kuhusu bima, iwe ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 au ni ya kampuni ya binafsi, uliza na ujibiwe kwa maandishi. Mara nyingi vyuma vya mtu mzima huhesabiwa kuwa urembo. Barua ya mtaalamu inayoeleza shida ya kula na vipimo vya taya inaweza kusaidia sehemu ya upasuaji ikubaliwe.

Kabla ya kufungwa chochote kinywani, thibitisha kwamba anayekutibu yuko katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, na kwamba amesajiliwa kama mtaalamu wa kazi hiyo. Kisha nenda na maswali haya yakiwa yameandikwa kwenye karatasi:

Je, kosa langu ni la meno, la mfupa wa juu, wa chini, au yote? Naomba unionyeshe kwenye eksirei. Nikichagua vyuma peke yake, nini hakitabadilika? Je, kuna meno yatakayong'olewa, na nikibadili nia baadaye itakuwaje? Nani atanipasua, na je, yeye na mtaalamu wa vyuma wamekaa pamoja kupanga kazi yangu tangu mwanzo? Nisipofanya lolote, nini kitanipata baada ya miaka 10?

Daktari mwema hakasirishwi na maswali hayo. Atakaa, atachora, atakueleza mpaka uelewe. Yule anayekuharakisha uketi kitini ufungwe vyuma leo leo ili usikose bei nafuu, mwage kwa heri uende zako. Taya ulilokaa nalo miaka 30 linaweza kungoja mwezi mmoja zaidi, nawe upate jibu la mtaalamu wa pili.